Saa Tatu na Nusu Kati ya Tokyo na Delhi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sekunde alikuwa na kazi tatu: kufagia karakana ya mjomba wake, kupanga vifuko vya maji kwenye friji kuukuu ili vigande, na kuandika ubaoni digrii zilizosomwa na kipimajoto ndani ya makasha yaliyolala yakijaribiwa. Alikuwa na jina lake la shuleni, lakini mtaa mzima ulimwita Sekunde, kwa sababu ukimtuma anarudi kabla hujafunga mdomo. Alikuwa darasa la sita, na hesabu za kichwa alizitafuna kama karanga.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Dirishani alikaa mama yake na cherehani. Mlangoni alikaa mjomba, kaka wa mama, akitengeneza makasha ya baridi ya wauza maziwa, wauza samaki na maduka ya dawa. Alikata lile povu gumu jeupe linalokuja limeizunguka televisheni mpya, akalibandika tabaka kwa tabaka, akalivika bati jembamba. Mama alimalizia kwa ganda la turubai lenye zipu na mkanda wa begani. Hakuna kasha lililotoka kabla ya kulala na barafu na kipimajoto ndani. Likishapimwa, mjomba alilibandika kibandiko: SAA 12, au SAA 18, yaani muda ambao litatunza baridi.

"Kibandiko changu si cha ofisini," alikuwa akisema. "Ukisoma nje, ndani utakikuta kilichoandikwa."

Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Zamani alikuwa fundi wa mitambo ya baridi kwenye ghala moja kubwa. Aliwaambia mameneja mpira wa mlango umechakaa. Wakamwambia asubiri kikao. Kikao kilipokaa, nyama ilikuwa imeshaoza, na barua za kufukuzwa wakapewa mafundi. Kisha mkewe akaugua. Mashine ya kupima damu ya hospitali ilikuwa mbovu, damu ikapelekwa kupimwa mji mwingine, na majibu yakarudi siku tatu baada ya mazishi. Tangu hapo mtu akitaja neno "wakubwa," mjomba aliweka kisu chini kwanza, asije akajikata.

Jumatatu moja jioni mlango uligongwa.

"Hodi humu!"

"Karibu, pita ndani. Angalia usikanyage gundi."

Aliyeingia alikuwa muuguzi wa hospitali ile ile, mama wa makamo mwenye viatu vyeupe na sauti ya kuamsha wodi nzima.

"Fundi, nimekuja na shida."

"Shida ndiyo wateja wangu. Wenye raha huenda madukani."

"Ile mashine ya kupima damu imeshatengenezwa," muuguzi alisema akivuta kigoda. "Ila dawa yake ya kupimia hakuna. Mwezi wa nne huu imefunikwa shuka kama maiti. Sasa waliounda mashine wako Tokyo, Japani. Wameniita kwa mafunzo ya wiki mbili, na nikirudi watanipa vichupa arobaini vya dawa. Lakini dawa hiyo haitaki joto. Ikipita digrii nane imekufa, kamwagilie maua."

Mjomba aliacha kukata. "Na idara ya afya? Si wana makasha ya kisasa?"

"Nimewaandikia barua mbili. Ya kwanza imepotea. Ya pili wamenijibu kwamba ya kwanza inashughulikiwa."

Mama alicheka mpaka cherehani ikasimama. Mjomba hakucheka. "Baridi wanayo wao, ya kiyoyozi. Sisi wengine tuchemke. Haya, njia yenyewe ikoje?"

"Nikitoka Tokyo nashukia Delhi, kule India. Pale kuna hospitali rafiki. Watanipa friji nilaze dawa, na siku ya pili wananipa kasha lao na barafu mpya hadi nyumbani. Hatari ni hicho kipande cha Tokyo na Delhi, hapo hakuna wa kunibadilishia barafu. Kasha nitakaa nalo mwenyewe ndani ya ndege, na vipimo nilivyoruhusiwa ni hivi, havizidi hata kidole."

Mjomba alitazama vipimo. "Na hicho kipande ni cha muda gani?"

"Tiketi wamekalia wakubwa. Wanasema nitapewa siku ya kuondoka, nisije nikaipoteza. Wamenisomea saa tu kwenye simu, nikaandika." Akampa karatasi. Ilisomeka: Kuondoka Tokyo 11:30. Kufika Delhi 17:15.

Mjomba aliishika mbali na macho. Yeye na shule waliachana mapema, bila talaka. "Kumi na moja na nusu. Alfajiri hiyo au jioni?"

Sekunde alikuwa ameshachungulia juu ya bega lake. "Mjomba, hizo si saa zetu! Hizo zinaanza kuhesabiwa saa sita ya usiku. Unatoa sita. Kumi na moja toa sita, tano: anaondoka saa tano na nusu asubuhi. Kumi na saba toa sita, kumi na moja: anafika saa kumi na moja na robo jioni, siku hiyo hiyo."

"Kumbe!" Muuguzi alijishika kiuno. "Mimi ningekwenda uwanjani alfajiri nikawaamshe walinzi. Haya mwanangu, na kutoka tano na nusu mpaka kumi na moja na robo?"

"Saa tano na dakika arobaini na tano," alijibu Sekunde hata kabla swali halijatua.

"Umeme huyu!"

"Asije akatuunguza tu," alisema mama, lakini alikuwa anatabasamu.

Muuguzi alieleza yaliyobaki. Kutoka friji ya kiwandani hadi ndege kuruka ni saa tatu. Kutoka ndege kutua hadi friji ya Delhi ni saa moja na nusu. Sekunde alijumlisha akiwa anazungusha kidole hewani: jumla, saa kumi na robo. Mjomba akatoa rafuni kasha lenye kuta za vidole viwili, jepesi, lenye vipimo vile vile vilivyotakiwa. Lilikuwa limeshapimwa. Lilikuwa la saa kumi na mbili.

"Linatosha na akiba juu," alisema. "Mpwa wangu, leo kibandiko bandika wewe."

Sekunde alikibandika, akakisugua kwa kiganja mpaka pembe zikalala. Alikuwa ameruka shimo ambalo hata mjomba alitaka kutumbukia, na alifurahia mruko wake kiasi kwamba hakutazama alipotua. Jumatano muuguzi alikuja kuchukua kasha. Safari ilikuwa Jumapili.

Alhamisi kipindi cha kwanza kilikuwa jiografia. Mwalimu aliingia na tufe la dunia chini ya kwapa. Tufe hilo lilikuwa na bonde mahali pasipo na bonde lolote duniani, kwa kuwa liliwahi kuchezewa mpira. Jipya liliahidiwa na idara ya elimu tangu mwalimu akiwa na nywele.

"Leo tutapima dunia kwa uzi," alisema. Akauzungusha uzi kwenye mstari wa ikweta, akaukata pale ulipokutana. "Uzi huu mzima ni kama kilomita elfu arobaini. Mtu anipe miji miwili ya bara la Asia."

Mkono wa Sekunde ulikuwa juu. "Tokyo na Delhi, mwalimu!"

"Huyo anataka tujue ana wageni wa ndege," alisema kijana wa dawati la nyuma. Walimwita Redio, maana alikuwa hazimwi. Darasa likacheka.

"Haya Redio, kwa kuwa umejiwasha, njoo upime," mwalimu alisema.

Redio alinyoosha kipande kingine cha uzi kutoka Tokyo hadi Delhi, akakikata. Kisha akakilaza juu ya ule uzi mrefu, mara ya kwanza, mara ya pili, huku darasa zima likihesabu kwa sauti. Kiliingia mara sita na kipande, karibu mara saba.

"Elfu arobaini ukigawa kwa karibu saba," mwalimu alisema, "ni kitu cha kilomita elfu sita hivi, pungufu kidogo. Sasa ndege ya abiria ikishakuwa juu hukimbia kama kilomita mia nane hadi mia tisa kwa saa. Tuipe mia tisa. Itatumia muda gani?"

Chaki ikalia. Redio mwenyewe ndiye aliyepata. "Saa sita na dakika arobaini!"

"Vizuri. Na hapo tumeipendelea. Tumefanya kana kwamba inaruka kwa kasi yote palepale, inanyooka kama uzi wetu, haipunguzi mwendo wakati wa kushuka. Tena kutoka Tokyo kwenda magharibi, upepo wa juu sana mara nyingi unaikabili ndege usoni. Kwa hiyo safari ya kweli ni ndefu kuliko hapo."

Sekunde aliandika "saa sita na dakika arobaini" kwenye daftari, halafu kalamu ikasimama yenyewe. Yeye alimwambia muuguzi saa tano na dakika arobaini na tano.

"Mwalimu, haiwezekani ikatumia saa tano na dakika arobaini na tano?"

"Labda tuifunge roketi mkiani. Kwa nini?"

"Kuna mtu anaondoka Tokyo saa tano na nusu asubuhi, anafika Delhi saa kumi na moja na robo jioni. Nilitoa moja kwenye nyingine."

Mwalimu hakumcheka. Alilisogeza tufe dirishani, jua la asubuhi likalimulika upande mmoja, akalizungusha taratibu. "Tazameni. Jua linaanza kuupata mji upi?"

"Tokyo!"

"Na Delhi?"

"Baadaye!"

"Basi saa tano na nusu uliyoandikiwa ni ya saa ya ukutani Tokyo, na kumi na moja na robo ni ya saa ya ukutani Delhi. Saa hizo mbili hazijawahi kukubaliana. Tokyo wakiwa saa tano na nusu asubuhi, Delhi ndiyo kwanza saa mbili. Tofauti yao ni saa tatu na nusu. Tena sikilizeni: saa hupangwa na watu, kila nchi na wakubwa wake. Umbali haupangwi na mkubwa yeyote. Ukitilia shaka saa, kaulize umbali."

Sekunde alihesabu upya, safari hii kwenye karatasi. Kutoka saa mbili asubuhi ya Delhi hadi saa kumi na moja na robo jioni ya Delhi: saa tisa na robo. Aongeze saa tatu za kabla, aongeze saa moja na nusu ya baada. Saa kumi na tatu na dakika arobaini na tano. Kasha lilikuwa la saa kumi na mbili. Dawa ingekaa karibu saa mbili nzima bila baridi, barabarani Delhi, mlangoni pa friji. Vichupa vyote arobaini.

Wakati wa mapumziko alimweleza Redio, kwa sababu usipomweleza atajua tu.

"Wewe nyamaza," Redio alimshauri akiwa anatafuna. "Barafu ikiyeyuka watailaumu ndege. Ndege ina mdomo?"

"Na mashine?"

"Mashine imezoea kulala."

"Mjomba anasema wakubwa wakikosea wanailaumu mvua."

"Sasa na wewe si uilaumu? Mvua haijawahi kumshtaki mtu."

Sekunde alimtazama, akatikisa kichwa. "Leo ni Alhamisi, Redio. Muuguzi anaondoka Jumapili. Kosa langu bado halijapanda ndege."

Kengele ya mwisho ilipolia alikimbia moja kwa moja nyumbani. Mjomba alikuwa anabandika povu, amebana misumari midogo kwenye midomo.

"Mjomba, kasha la muuguzi halifiki."

Mjomba aliitoa misumari, mmoja mmoja, akaipanga mezani. "Rudia."

Sekunde alirudia yote: uzi, tufe, saa mbili za ukutani zisizokubaliana, saa kumi na tatu na dakika arobaini na tano. Hakusema "tulikosea." Alisema, "Nilikosea mimi. Sikuuliza, nilifurahi tu kwamba nimejua."

Cherehani ilinyamaza. Mjomba aliisugua gundi mkononi mwake mpaka ikatoka.

"Nani alikibandika kile kibandiko?"

"Mimi."

"Na karakana ni ya nani?"

"Yako."

"Basi tuko wawili. Dada, tukichelewa, wewe kula." Akachukua kofia yake msumarini. "Vaa viatu, twende."

Mjomba alitembea kwa hatua ndefu, Sekunde akawa anakimbiakimbia nyuma.

"Mjomba, hujakasirika?"

"Nimekasirika sana. Nakasirika huku natembea, ndiyo maana tutafika mapema."

Walimkuta muuguzi kwenye chumba cha maabara. Mashine ilikuwa pembeni, chini ya shuka lake. Kasha lilikuwa juu ya meza, na wauguzi wawili vijana walikuwa wanalijaribu begani kama mkoba wa arusi.

"Fundi! Umekuja kuniaga?" muuguzi aliita.

Mjomba alisogea kando, akampisha mpwa wake. Sekunde alisimama wima.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukwambia hesabu yangu ya Jumatatu si sahihi. Niliruka tofauti ya saa za Tokyo na Delhi. Ndege haitatumia saa tano na dakika arobaini na tano. Ni saa tisa na robo. Kasha hili litaisha baridi kabla hujafika kwenye friji. Usiende nalo."

Wale wauguzi vijana waliliteremsha kasha begani kama limewaka moto. Muuguzi alijibu "marahaba" kwa sauti ndogo, akavuta kiti, akakaa.

"Una hakika, mwanangu? Maana Jumatatu pia ulikuwa na hakika."

Neno hilo lilimchoma, lakini alikuwa amelistahili. "Jumatatu nilikuwa na njia moja tu. Leo nina mbili, ya saa na ya umbali, na zote zinanikataza ile ya kwanza. Lakini mama, ukiipigia ofisi ya ndege watakuambia."

Muuguzi alitoa simu. Alisubiri, akajieleza, akasubiri tena, akaelezwa abonyeze namba, akabonyeza. Hatimaye akapata mtu. "Muda wa angani tu, kaka yangu. Tokyo hadi Delhi... Saa tisa na robo. Asante." Akaiweka simu mezani. "Kumbe ni swali la dakika tano, na mimi mtu mzima sikuliuliza."

"Na mimi," mjomba alisema. "Ninalipima povu langu usiku kucha, lakini hesabu ya safari niliipokea mikono miwili bila kuipima. Ningekuwa mkubwa wa idara, sasa hivi ningeunda tume ya kumchunguza mtoto."

Muuguzi alicheka, na kicheko hicho kilifungua kazi. "Haya, lipo lile la saa kumi na nane?"

"Lipo, ila ni kubwa. Watu wa ndege hawatalikubali. Nje hatuwezi kuongeza hata kidole."

"Basi ongeza ndani."

"Nikinenepesha kuta kwa ndani, vichupa vyako havitaenea."

Wote walikitazama kile kisanduku. Sekunde aliinua kichupa kitupu kilichobaki tangu zamani, kikiwa bado kwenye boksi lake dogo la karatasi. Akakitoa. Kichupa kilikuwa kama kidole gumba. Boksi lilikuwa mara mbili yake.

"Mama, vitakuja kila kimoja na boksi lake?"

"Ndiyo. Ili visigongane."

"Boksi linakula nafasi. Tukitoboa povu, kila kichupa kikakaa kwenye tundu lake, havitagongana, na boksi zinabaki Tokyo."

Mjomba alikichukua kichupa, akakipima kwa kidole, akamtazama muuguzi. "Naazima hiki mpaka Jumamosi, na kasha narudi nalo."

Ijumaa baada ya shule walianza. Mjomba aliongeza tabaka la tatu kwa ndani, akalikandamiza kwa matofali mpaka gundi ikashika. Sekunde alipewa bao nene la povu na kipande cha bomba kilichonolewa mdomo, atoboe matundu arobaini. Matatu ya kwanza aliyatoboa haraka haraka. Kichupa kilipoingia, kikacheza ndani kama jino bovu.

"Povu halikimbizwi," mjomba alimwambia bila kuinua macho. "Bonyeza, zungusha, subiri likubali lenyewe."

Alitupa lile bao, akaanza jingine. Tundu la kwanza, la pili, la kumi. Vidole viliuma. Mama alimletea maji, akahesabu matundu, akasema la kumi na saba limepinda. Kweli lilikuwa limepinda kidogo. Sekunde akakihamisha kichupa chake kando, akaliziba, akatoboa jingine, bila kununa.

Saa kumi na mbili jioni walivipanga ndani vichupa arobaini vya maji walivyoazima duka la dawa, wakazungushia vifuko vya barafu, wakafunga zipu. Mjomba alilipeleka kasha nyuma ya friji kuukuu, pale injini inapopumua joto.

"Mbona unalitesa?" mama aliuliza.

"Ndani ya ndege na barabarani halitabembelezwa."

Watu walilala, kasha na kipimajoto vilikesha. Saa kumi na mbili asubuhi Sekunde alisoma digrii nne. Hapo ndipo kasha hilo lilipokuwa linaishia nguvu kabla ya tabaka la tatu. Saa mbili asubuhi, digrii tano. Zile saa kumi na nne kasorobo walizozihitaji zilikuwa zimepita, na mama akataka kushangilia. Mjomba akainua kidole: bado. Saa nne asubuhi, yaani baada ya saa kumi na sita kamili, kipimajoto kilisoma digrii sita na nusu.

Mjomba alimpa Sekunde kalamu na kibandiko kitupu.

"Niandike kumi na sita?"

"Unaniuliza mimi, au unakiuliza kipimajoto?"

Sekunde alikisoma tena kipimajoto, kisha akaandika: SAA 16. Muuguzi alikuja kabla ya adhuhuri. Hakulichukua kasha kwanza. Alisoma ubao, mstari kwa mstari, ndipo akalivaa begani. Jumapili akaondoka.

Zilipita wiki mbili na siku tatu. Jumatano moja ujumbe ulifika karakana: mjomba na mpwa wake wanaitwa maabara. Walipofika, shuka lilikuwa limeondolewa. Mashine ilikuwa inanguruma kwa upole kama paka aliyeshiba, na kwenye benchi alikaa mwashi mmoja, amefungwa pamba kwenye mkono, anasubiri majibu.

"Delhi dawa iliingia kwenye friji baada ya saa kumi na tatu na dakika hamsini," muuguzi alisema kabla hata ya salamu. "Barabara ilijaa magari. Kipimajoto kilisoma digrii sita. Vichupa arobaini, vizima vyote!"

Kabla Sekunde hajajibu, mlango ulifunguliwa. Aliingia mkubwa wa idara, suti na harufu ya manukato, nyuma yake mpiga picha. Alimpa mkono muuguzi, akasimama mbele ya mashine, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayembariki mtoto.

"Idara yetu," alisema akiitazama kamera, "ilihakikisha tangu mwanzo kwamba dawa hii inasafirishwa kwa baridi inayotakiwa."

Picha ikapigwa. Picha ya pili ikapigwa. Muuguzi akafungua mdomo aseme, lakini mkubwa alikuwa ameshaangalia saa yake na kutoka.

Mjomba alikuwa amekunja ngumi mifukoni. Sekunde alimwona anavuta pumzi, akajua sasa wakubwa watasemwa mpaka vioo vipasuke. Lakini mashine ilitoa mlio, ukatoka mkanda wa karatasi. Muuguzi aliusoma, akamwita mwashi: damu yake haikuwa na tatizo alilolihofia, na dawa yake ni ya wiki moja tu, aichukue dirisha lile pale. Mwashi alisimama akitabasamu, akaenda. Alikuwa amekaa benchi hilo robo saa.

Mjomba alimfuata kwa macho akielekea dirishani. Ngumi zikalegea. Akainama, macho yake yakawa sawa na ya mpwa wake.

"Umemsikia yule mwenye suti?"

"Nimemsikia, mjomba. Hakufanya hata moja."

"Amedai jema asilolifanya. Wewe siku ile ulikuja hapa ukadai baya ulilolifanya, mbele ya watu, kwa mdomo wako. Sasa niambie mwenyewe: huyu mwashi amepata majibu yake kwa maneno ya nani?"

"Yangu, mjomba," alisema Sekunde. Mwashi alikuwa ameshafika dirisha la dawa.

"Kukosea hesabu hakuna aliyeepushwa," mjomba alisema. "Kabla hujaitoa kazi yako mkononi, ipime kwa njia ya pili. Na ukiona umekosa, sema siku hiyo hiyo. Kosa likiwa bichi linakunjika, likikauka linamvunja mtu, na mara nyingi anayevunjika si yule aliyekosa. Mimi nimewalaumu wakubwa miaka mingi, na nitaendelea, maana wanastahili. Lakini kulaumu peke yake hakujawahi kupoza hata kichupa kimoja."

Muuguzi aliita jina la mgonjwa wa pili.